Folda ya Jumamosi

Nilimtambua Githae kwa mwandiko wake kabla sijaigusa ile diski. Mwas aliiweka mezani kwangu Jumatatu asubuhi ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya mkate, na alipoifungua nikaona kibandiko cheupe kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: USICHEZEE. Ile Z ilikuwa na mstari katikati. Miaka mitatu niliisoma Z hiyo kila siku kwenye vibandiko vya kazi, nilipokuwa fundi dukani kwake kule Ruiru, na miaka minne iliyofuata nimeilaani. Nilichohisi kilikuwa furaha. Sitaificha.

Niseme kwanza jinsi kazi zinavyotembea huku kwetu, usije ukashangaa adui yangu aliniletea vipi diski yake mwenyewe. Fundi akishindwa na kitu hasemi ameshindwa. Anampigia mtu kama Mwas, mwenye pikipiki na simu iliyojaa namba za mafundi kutoka Ruiru hadi Thika, na Mwas anakipeleka kwa anayekiweza. Aliyetuma haambiwi kimeenda kwa nani, na anayetengeneza haambiwi kimetoka kwa nani. Siri hiyo ndiyo inayomlisha Mwas, kwa hiyo anaitunza vizuri. Mimi kazi yangu ni diski zinazokufa. Nina chumba kimoja ghorofani hapa Thika, juu ya duka la nafaka, na sijaweka hata bango, maana jina langu lilishachafuliwa na bango lingenitafutia maneno bure.

"Hii ni ya fundi mwenyewe, si ya customer," Mwas akaniambia. "Anataka folder moja tu, inaitwa Baraka. Ni video ya mzee wake akiwabariki kabla hajafa, na Jumamosi wako na memorial. Hizo zingine amesema usiguse kabisa."

Nikamwambia aje Ijumaa. Alipoondoka nilibaki nimeikodolea macho ile diski kwa muda mrefu, nikiyarudia yale maneno ya mwisho. Mtu hasemi usiguse kama hakuna cha kuguswa.

Miaka minne iliyopita mwalimu wa chekechea aitwaye Emmah alituletea laptop yake, kioo kimepasuka. Mimi ndiye niliyebadilisha kioo, na mimi ndiye niliyetia sahihi kwenye kitabu cha kazi. Ndani yake kulikuwa na picha za aina ambayo mwanamke humpigia mume wake aliye mbali, asitarajie macho mengine yazione. Wiki tatu baadaye zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule aliyofundisha. Alipoteza kazi siku hiyo hiyo, na mume wake, aliyekuwa Qatar, akaacha kupokea simu zake. Emmah alikuja dukani analia. Githae hakusita. Alikifungua kitabu mbele ya wateja, akaweka kidole kwenye sahihi yangu, akasema, "Huyu msichana ndiye alikuwa nayo."

Nilikuwa nimezoea kumwita Baba Lynn, kwa jina la binti yake. Hata siku ile nilimwita hivyo. Nilimsihi aseme ukweli, kwamba laptop ilikaa dukani siku sita na ufunguo wa duka tulikuwa nao wawili, yeye na mimi. Akanitazama kwa huruma ya kuigiza, ile ya kuonyesha watu, akaniambia nichukue koti langu niende. Emmah alinitemea mate. Yalinipata shavuni, na sikuyapangusa hadi nilipofika barabarani. Tangu siku hiyo hakuna fundi wa Ruiru aliyenipa hata stuli ya kukalia. Habari zilifika mpaka Ngoliba kwa mama, na kanisani kina mama walipoombea vijana waliopotoka walinitaja kwa jina, mama yangu akiwa amepiga magoti katikati yao.

Basi diski hiyo ikawa mezani kwangu. Kabla ya kuichomeka niliinusa, na ilinuka samaki. Githae ni wa wale mafundi wanaoamini kwamba diski ikianza kugonga unaifunga kwenye mfuko wa plastiki, unailaza kwenye friza, na asubuhi itakuwa imepona. Labda zamani iliwahi kumsaidia mtu mmoja au wawili, na ikageuka kuwa imani. Tulibishana juu ya jambo hilo mara nyingi nilipokuwa kwake. Nilimwambia baridi inaleta unyevu, na unyevu ukiganda kwenye sahani za ndani, kile kichwa kidogo kinachosoma kitazikwaruza. Alikuwa akinijibu kwamba alianza kushika bisibisi kabla sijazaliwa. Sasa kibandiko chake kilikuwa kimevimba kwa maji. Alikuwa ameiua nusu kwa mikono yake, na nilicheka peke yangu mle chumbani.

Niliilaza kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, nikaiacha hadi Jumatano asubuhi. Ndipo nikaichomeka. Iligonga mara nne, ikanyamaza, kisha ikazunguka.

Diski ya namna hiyo huwezi kuinakili tu kama diski yenye afya. Ina pumzi kidogo, na fundi ndiye anayeamua pumzi hiyo itumike wapi. Kwanza unatoa orodha: majina ya folda, tarehe zake, na mahali kila faili ilipolala. Orodha ikishatoka salama, unachagua kitakachotangulia, kwa sababu huenda kitakachofuata kisifuate. Orodha ya Githae ilichukua dakika arobaini. Baraka niliiona mara moja. Chini yake kulikuwa na folda iitwayo Kazi, na ndani ya Kazi kulikuwa na folda kumi na tisa, kila moja na jina la mwanamke. Ya saba ilikuwa ya Emmah.

Sikuifungua. Hilo nataka lieleweke, maana ndilo nililosingiziwa. Nilisoma tarehe tu, siku folda ilipoundwa na saa yake. Kisha nikafungua kalenda kwenye simu nikarudi nyuma miaka minne, na tarehe ile ikaangukia Jumamosi, saa nane mchana.

Mimi ni Msabato. Tangu nizaliwe sijashika kazi Jumamosi, na Ruiru nzima ilijua, kwa sababu Githae mwenyewe alimlalamikia kila mteja kwamba ameajiri fundi ambaye siku ya biashara yuko kanisani anaimba. Nilizipima zile tarehe nyingine kumi na nane, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa Jumamosi. Miaka mitatu nilijiuliza kwa nini mtu anayenung'unika kiasi kile hanifukuzi, na nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa moyo wake mzuri. Kumbe siku yangu ya ibada ndiyo ilikuwa siku yake ya kuiba, na sahihi yangu ya siku za kawaida ndiyo ilikuwa kinga yake.

Niliinuka nikafunga mlango kwa komeo. Kazi hii haitaki hasira, kwa hiyo nilikaa chini kwenye sakafu mpaka yangu ikapungua.

Hapo ningeweza kuipiga picha ile orodha na kuendelea na kazi niliyoagizwa. Lakini orodha ni maneno, na kwa maneno Githae hashindwi. Angesema nimeiandika mwenyewe. Mimi nilitaka zile picha zenyewe, zikiwa ndani ya diski yake, chini ya mwandiko wake. Nikaiagiza programu ianze na folda ya Emmah, na baraka ya mzee ingoje.

Ilikuwa kazi ya saa tatu. Diski ilisoma kidogo, ikagonga, ikajizima, nikaipumzisha, nikaiwasha tena. Niliiwekea feni. Niliiombea pia. Nilimwomba Mungu aishike ile diski isife kabla sijammaliza mtu, nikasema amina, na sikuona aibu. Saa saba mchana folda ya Emmah ilikuwa imetoka yote, haikupungua hata faili moja, na nikapiga meza kwa ngumi.

Ndipo nikaielekeza kwenye Baraka. Video ilikuwa ya dakika tisa. Ilipofika dakika ya nne, ndani ya diski palitoka sauti ya chuma kukwaruza, na ikanyamaza moja kwa moja. Kwa kuwa faili hiyo ndiyo niliyotumwa, niliifungua kuikagua, kama inavyotakiwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi na koti lake zito, kibuyu mapajani. Alikunywa maziwa kidogo, akajitemea kifuani kama wazee wa Kikuyu wanavyobariki, akasema thaai, yaani amani, na waliomzunguka wakaitikia. Kisha akaanza kuwaita watoto wake kwa majina, kuanzia mkubwa. Alimbariki wa kwanza. Alimbariki wa pili. Picha ikakatika hapo. Githae ni wa tatu.

Niliirudia mara mbili. Nilifurahi hadi nikajiogopa.

Mpango wangu ulikuwa tayari. Jumamosi kwenye ukumbusho wa mzee, hema zikiwa zimejaa watu wa Ruiru, ningeingia na laptop yangu. Sikuwa naenda kazini, nilikuwa naenda kusema ukweli, na siku yake ilikuwa imejichagua yenyewe. Ningewaonyesha zile tarehe mbele ya mchungaji, mbele ya Lynn, mbele ya wateja waliokuwepo siku niliyofukuzwa. Nilichokosa ni mtu mmoja tu, wa kusimama kando yangu na kusema huyu siye aliyezisambaza. Kwa hiyo Alhamisi nilienda kumtafuta Emmah.

Niliambiwa amehamia Kalimoni, anafuga kuku wa mayai. Nilimkuta uani na gamubuti za mpira miguuni, ndoo ya mayai mkononi. Alinitambua mara moja. Aliiweka ndoo chini taratibu, na nikajua anafikiria kuachilia mbwa. Nikasema haraka, kabla hajasema yeye, kwamba nina ushahidi, na nisikilizwe dakika kumi, baadaye anaweza kunitemea tena.

Alinipa kigoda. Nilimweleza yote, kuanzia kibandiko hadi zile Jumamosi kumi na tisa, na nikamwonyesha orodha kwenye laptop. Alikuwa bado msomaji wa makini kama walimu walivyo. Alipitia majina yote bila haraka, kidole kikifuata mistari, akasimama kwenye jina lake, akasoma tarehe. Aliniuliza kama nilifungua. Nikamwambia sikufungua. Alinitazama machoni muda mrefu, nami nikamwachia aangalie.

"Nakuamini," akasema. "Pole, Kavindu. Hata yale mate, pole."

Miaka minne nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na yaliponifikia nilitaka kulia. Lakini sikuwa nimekuja kulia. Nikaanza kumweleza juu ya Jumamosi, hema, mchungaji, na jinsi Githae atakavyokosa pa kuweka uso. Nikamwambia hata asiwe na wasiwasi wa ushahidi, kwa sababu diski ilikuwa inakata roho na mimi nikaiwahi, folda yake nikaitoa yote kabla haijafa. Nilisema hivyo kwa majivuno. Niligonga kwa kucha ile diski yangu ndogo iliyobeba nakala, kumwonyesha zilipo.

Emmah aliitazama ile diski ndogo. Kuku walikuwa wakipiga kelele nyuma ya waya.

"Ilikuwa inakufa?" akauliza.

"Ilikuwa kwenye pumzi za mwisho."

"Na hii orodha ulikuwa umeshaipata."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ungeiacha tu," akasema, bila kupandisha sauti. "Zingekufa nayo. Zote alizoiba zilikuwa mle na zilikuwa zinakufa, na wewe ukaziokoa."

Nilijaribu kumwambia kwamba ni kwa ajili yake pia, na nikasikia jinsi ilivyosikika. Emmah akaniambia kwamba alipoenda kushtaki polisi wakati ule, wale waliokaa nyuma ya meza walimwambia azionyeshe kwanza, wakapokezana simu. Huku Kalimoni hakuna anayejua. Mwanawe ameanza darasa la pili na hakuna mtoto anayemcheka. Nikisimama kwenye hema la Ruiru kusafisha jina langu, kila mtu atataka kujua ni picha gani, za nani, na kabla ya jioni mtu atakuwa amezitafuta zile za zamani kwenye simu yake.

"Jina lako siwezi kukusaidia nalo," akasema. "Futa."

Sasa nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Sikuifuta mara moja. Nilikaa na mkono juu ya laptop nikipiga hesabu: nikiondoka sasa hivi nikikimbia, hawezi kunishika, ana gamubuti. Nilimwona Githae mbele ya hema, uso umemshuka. Nilimtaka vibaya sana. Emmah aliona kwamba nawaza, na hakunisihi. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa mayai, akingoja kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Nikaiunganisha ile diski. Nilimweleza kwamba kufuta kwa kawaida hakutoshi, mtu kama mimi angezirudisha, kwa hiyo nitaandika sifuri juu ya kila kitu kilichomo, hata orodha, na itachukua karibu saa mbili. Akasema atangoja.

"Na hiki kingine?" akauliza, akionyesha Baraka kwenye orodha.

Nilimweleza juu ya mzee, koti lake na kibuyu chake, na watoto wawili waliobarikiwa. Kukitoa pembeni kungechukua dakika moja. Emmah alifikiri kidogo, kisha akasema huyo mzee hakumkosea yeye.

"Hata mimi hakunikosea," nikasema, na nikabonyeza bila kukitoa.

Tulipangusa mayai pamoja, trei sita, bila maneno mengi. Ilipokwisha alinitaka nimwonyeshe kwamba hakuna kitu, nikamwonyesha. Alinifungia mayai kumi kwenye gazeti. Kwenye lango aliniomba nisirudi tena, na alisema kwa upole, kwa hiyo iliniuma zaidi.

Ijumaa mchana Mwas alikuja kuchukua diski. Nilimwambia imekufa na hakuna kilichopatikana. Akapiga simu kutoa habari, akasikiliza, akazunguka chumba, kisha akaja na simu ameifunika kwa kiganja. Alisema sheria yake anaijua, lakini mwenye diski analia na anaomba aongee na fundi, dakika moja tu. Nikaipokea.

"Fundi, pole kwa kukusumbua," Githae akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Hata kidogo haikupatikana? Hata sauti tu ya mzee?"

"Habari yako, Baba Lynn."

Nilisikia redio ya duka lake nyuma, ile ile ya zamani.

"Ni Kavindu?"

"Ni mimi."

"Umeona nini kwa hiyo disk?"

"Nimeona Jumamosi kumi na tisa," nikasema.

Hakuuliza maana yake. Nilimsikia akivuta kiti na kukaa. Mwas alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kama hanijui. Githae alipopata sauti tena hakunitisha na hakukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Na mzee wangu?" akauliza.

"Mzee pia nimemwona. Amevaa koti. Anaita majina."

"Kavindu, mama, hizo files ziko wapi? Niambie ziko wapi."

Nilimrudishia Mwas simu yake, naye akaondoka na diski iliyokufa ndani ya karatasi ile ile ya mkate.

Jina langu Ruiru bado ni lile lile, na Ngoliba bado ninaombewa. Sina picha, sina orodha, sina hata sekunde moja ya yule mzee. Githae hana njia ya kulijua hilo. Namba yangu aliipata, sijui kwa nani, na anapiga kila siku, asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni akishafunga. Siipokei, na simu siizimi.